Nyati wa Mpingo na Mbavu Zangu

Nimepigana mara nyingi maishani na mara nyingi nimeshinda. Nasema hivyo mapema ili anayesoma ajue anasoma habari za mtu gani. Shule niliiacha darasa la pili, baada ya kumtwanga mtoto wa mwalimu mbele ya baba yake. Nikaenda kuchuma chai Bulwa, chai ikanishinda, kwa sababu ni kazi ya kuinama na mimi sikuumbwa kuinama. Nikarudi milimani kupasua mbao msitu wa Shume. Huko ndiko nilikoyapata mabega haya. Miaka sita nilikuwa mtu wa juu kwenye shimo la msumeno, mimi nikivuta nikiwa juu ya gogo na mwenzangu akiwa shimoni, na watu wangu wa chini walinikimbia mmoja baada ya mwingine, kwa sababu wao walichoka na mkono wangu haukuchoka. Mbao zikanipa shamba la kabichi, kabichi zikanipa lori. Lori lenyewe nililinunua limekufa, nikalifufua kwa mikono yangu bila cheti cha mtu yeyote. Kabla sijafika miaka thelathini na mitano watu wa Lushoto walikuwa wananiita tajiri, wengine kwa heshima, wengine kwa kunitukana, maana hiyo ilikuwa miaka michache baada ya Azimio la Arusha na neno tajiri lilikuwa limeshaanza kunuka.

Basi mtu kama mimi anapenda nini? Anapenda ng'ombe, anapenda nyumba ya matofali. Sikujua kwamba naweza kukipenda kipande cha mti mpaka kikanitoa jasho.

Ilikuwa njia ya Mtae, kwenye kijiji alichozaliwa mama yangu. Nilikuwa nimekwenda kuchukua maharage, lori likachemka mlimani, nikashuka na kopo kuomba maji kwenye nyumba ya kwanza niliyoiona. Nyumba ilikuwa ya fundi mmoja aliyetoka Mnazi, huko tambarare, akaja kuoa milimani na kubaki ukweni. Wenyeji walimwita mtu wa Mnazi hata baada ya mkewe kumzalia watoto wanne. Kazi yake ilikuwa kuchonga mipini, vinu na miiko. Nilimkuta uani amekaa chini, na mbele yake amesimama yule nyati.

Alikuwa wa mpingo mtupu, mrefu kama mkono wangu kutoka kiganja hadi begani. Nyati amemwangusha mtu, goti lake moja limekandamiza tumbo la yule mtu, shingo imekunjwa ili amalize kazi. Mtu hajafa. Mikono yake miwili imekunjwa kuzishika pembe. Lakini kilichonikamata mimi hakikuwa nyati wala pembe, ulikuwa mguu wa kushoto wa yule mtu. Vidole vitano vilikuwa vimeng'ang'ania udongo, kimoja kimoja, kila kimoja kikivuta kivyake.

Nakwambia, mguu ule niliujua. Mwaka wa pili kule Shume gogo liliteleza kwenye magogo ya kulishikilia, likaniangusha shimoni na kunibana ukutani, na mwenzangu alikimbia badala ya kunivuta. Nilijitoa mwenyewe. Mikono ilikuwa imebanwa, kwa hiyo nilisukuma kwa vidole vya mguu, na kucha mbili zilibaki kwenye udongo ule. Sikuwa nimemsimulia mtu. Na hapa mtu wa Mnazi, ambaye hanijui, ameuchonga mguu wangu.

Nilikaa chini. Maji ya lori niliyasahau. Jua lilitoka upande mmoja wa ua likaenda upande mwingine, na mke wa fundi akaja kuniuliza kama nina homa.

Fundi alinieleza kazi yake bila kuacha kuparuza. Magogo ya mpingo aliyabeba mgongoni mwenyewe kutoka Mnazi. Mpingo hauna unene, kwa hiyo pembe za nyati hazikuweza kutoka kwenye gogo moja na mwili. Alizichonga peke yake, akazitoboa upande wa shina, akazichomeka kichwani kwa kijiti, kisha akaziba nafasi kwa nta ya nyuki. Ngumi za yule mtu nazo alizitoboa ili pembe zipite ndani. Siku ile pembe moja ilikuwa mahali pake. Ya pili ilikuwa kwenye kiganja cha fundi, imejazwa nta.

Nikamuuliza bei.

"Huyu hauzwi, tajiri."

"Kila kitu kinauzwa."

"Huyo aliyelala chini ni kaka yangu," alisema. "Nyati alimuua huko Mnazi nikiwa juu ya mti. Nilitazama mwanzo hadi mwisho."

Mtu mwingine angeomba radhi akaenda zake. Mimi niliangalia juu, nikaona nyasi za paa lake zimeoza, nikaona mahali watoto wanapolala pana alama za maji. Nikamwambia nitamletea bati za kuezeka nyumba nzima, chumba hadi jiko, na misumari juu. Fundi aliendelea kuparuza. Mkewe ndiye aliyekohoa nyuma ya mlango. Tukapeana mikono. Wiki ile ile nilizileta bati, nikapanda juu mwenyewe kugongelea, na tukakubaliana nyati abaki kwake mpaka pembe ya pili ikamilike, maana fundi hakuwa mtu wa kuharakishwa.

Hapo ndipo mvua ilipogoma. Vuli haikunyesha kabisa, na masika yalikuja yakalowesha vumbi yakaondoka. Maharage yalikauka yakiwa na maua. Sasa, mtu wa milimani akiona hivyo haulizi mawingu yamekwenda wapi. Anauliza ni nani. Sisi Washambaa tunasema kuna mtu anabana shi, anaiharibu nchi, na kila mtoto anajua anavyofanya: dawa ya mvua hutiwa ndani ya pembe, na pembe huzibwa kwa nta. Pembe ikizibwa, mvua imefungwa.

Mama mmoja jirani alikwenda kuomba moto kwa fundi. Akaona pembe nyeusi, mpya, imezibwa nta, iko mkononi mwa mtu wa Mnazi. Hakuomba moto tena.

Habari ilinifikia sokoni Lushoto, asubuhi, nikipakia viazi. Mfanyabiashara wa Mtae aliniambia kama anayenisimulia habari za harusi, kwamba fundi wako yule wamemfunga tangu alfajiri, wanamtaka afungue mvua. Niliviacha viazi chini. Njia ile ni mbaya na ndefu, kila aliyepita anaijua, na mimi siku ile niliipita kwa muda ambao hakuna dereva mwingine ameupata hadi leo.

Niliwakuta kwenye uwanja wa gulio, watu kama wa mazishi ya mkubwa, wanaume kwa wanawake. Fundi alikuwa amefungwa kamba ya mkonge miguuni. Uso wake sikuutambua kwa uvimbe. Walikuwa wameshaivunja pembe ya pili kutafuta dawa, wakakuta nta na kijiti tu, na hilo badala ya kumwokoa lilimmaliza, kwa sababu walisema dawa ameitoa akaificha. Mkono wake wa kulia waliulaza juu ya jiwe. Mtu mmoja alikuwa na mchi wa kinu, kinu alichokichonga fundi mwenyewe, na kila fundi alipojibu kwamba hana dawa mchi ulishuka. Vidole havikuwa vidole tena. Nyati alikuwa pembeni, amelazwa ubavu kwenye vumbi, na kuni zilikuwa zimeshapangwa.

Aliyekuwa anauliza maswali ni mjomba wangu, kaka wa mama yangu wa tumbo moja, mzee anayeheshimika pale, mkononi ana mpini wa jembe.

Nilisema shikamoo mjomba, maana hata siku kama hiyo haikwepeki. Akaitikia marahaba bila kunitazama.

"Huyo nyati ni wangu," nikasema. "Nilimnunua. Mfungueni huyo mtu."

Nilidhani nimemwokoa. Kumbe nilikuwa nimemchimbia kaburi na langu kando yake. Yule mama aliyekwenda kuomba moto akasema taratibu tu, kama anayekumbuka kitu.

"Basi ndiye huyu aliyeinunua mvua."

Na kila kitu kikawaingia akilini kwa mpangilio mzuri kabisa. Mtu wa Mnazi, asiye na ng'ombe hata mmoja, ameezeka bati mpya, zimeletwa na nani? Maharage yamekauka, na nani ana magunia ya mwaka jana Lushoto anayauza kwa bei anayotaka? Mlanguzi. Kupe. Amelipa bati ili mvua ifungwe, auze. Ningekuwa mmoja wao ningeamini mwenyewe.

Walinijia. Sitasema uongo kwamba nilipiga watu wote. Nilimpiga wa kwanza kooni akakaa chini. Wa pili nilimgonga kwa kichwa, nikasikia pua yake ikivunjika, sauti kama karoti. Mwenye mchi alinipiga mgongoni, nikamgeukia nikamnyang'anya, nikampiga nao magotini, na alilia kwa jina la mama yake. Mtu alinikata sikio kwa panga, kipande hiki kisichokuwapo, na damu ikanijaa shingoni ikiwa ya moto. Meno mawili niliyatema nikiwa nimesimama. Nilikuwa nasogea kidogo kidogo kuelekea kwa fundi, na kwa kweli nilikuwa nafika. Ndipo mkono uliponikamata shati kwa nyuma, nami nikazunguka na ngumi yenye uzito wangu wote bila kutazama ni nani.

Mjomba alianguka chali.

Mwenye panga alilishusha. Watu walirudi nyuma hatua moja, mbili, kama ninayewaka moto mwilini. Kwetu unaweza kupigana na baba yako, ni aibu na itaamuliwa. Mjomba hapigwi. Mtoto wa dada yupo mkononi mwake: akimbariki anaishi, akimwapiza hata kwa neno moja ameisha, shamba halioti, mke hazai, mwenyewe anatembea mpaka anaanguka. Mimi nilibatizwa, nimesafiri, nimefufua lori. Lakini mikono niliificha nyuma.

Mzee aliketi polepole. Alitema damu kiganjani akaninyooshea.

"Unaiona hii?"

"Naiona, mjomba."

"Ya nani?"

"Ya kwako."

"Ya mama yako," alisema. "Umempiga mama yako mdomoni mbele ya watu."

Hakuna aliyecheka, hakuna aliyesema niuawe. Hawakuwa na haja tena ya kuniua. Nilijua akisimama akaondoka bila kusema kitu, hilo ndilo apizo lenyewe. Kwa hiyo niliongea haraka, mimi ambaye sokoni husubiri mwenzangu aanze. Nilimwambia anipige. Anipige kadiri anavyoona inamtosha, mbele ya hao hao, nami sitainua mkono. Akimaliza anitemee maji, ndiyo baraka yenyewe. Na maji yakishanigusa, niondoke na fundi na niondoke na nyati.

"Unanunua mti kwa mgongo wako?" aliuliza.

"Ndiyo, mjomba."

Alinitazama kama anayepima mbuzi. Kisha akasema, "Lala."

Nililala kifudifudi kwenye vumbi, uso wangu karibu na kuni zao. Alinipiga kwa mpini wa jembe. Alikuwa mzee lakini alikuwa mkulima, na mkulima anajua kushusha. Aliniacha mapaja, akaniacha makalio, alinitafuta mbavu. Ya kwanza kuvunjika niliisikia kabla ya kuihisi. Alipiga akihema, akapumzika akiegemea mpini, akapiga tena. Sikulia. Sijisifu bure, waliokuwapo wapo hai na wanaweza kuulizwa. Nilikuwa nimekaza vidole vyangu vya miguu ardhini na nilikuwa nawaza jambo moja tu, kwamba asichoke kabla hajaridhika, maana mzee akiacha kwa kuchoka hasira inabaki.

Alipotupa mpini aliomba maji. Hapakuwa na maji. Ilikuwa miezi ya kuyafuata bondeni, ndoo moja kwa siku. Watu wakatazamana. Yule mama wa moto ndiye aliyetoa kibuyu chake, akakiweka mbele ya mjomba. Mzee akanywa funda, akasukutua damu yake mwenyewe humo mdomoni, akanitemea kichwani na mgongoni. Akasema maneno ya Kishambaa ambayo sitayaandika. Baada ya hapo kunigusa mimi kungekuwa kumgusa yeye.

Walimfungua fundi. Nilimbeba mimi, na mbavu zangu zikisagana, kwa sababu hakuna aliyejitolea. Kisha nikarudi nikambeba nyati. Nikaendesha lori hadi hospitali Lushoto nikiwa nimeuma taulo.

Sasa ningeweza kuishia hapa, ingekuwa hadithi nzuri ya kusimulia kwenye pombe, na miaka mingi nimeisimulia ikiishia hapa. Lakini haikuishia.

Siku ya nne nilikwenda wodini, nimefungwa bendeji kama mtoto wa siku moja, kumwambia fundi kwamba nyati yuko salama kwangu, pembe moja ipo, ya pili nimeokota vipande. Mkono wake wa kulia ulikuwa mzigo mweupe. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Sikuuzii tena," alisema. "Bati zako ziko juu ya nyumba, kazing'oe."

Nilidhani ni homa. Nikamweleza tena, nikamwonyesha sikio, nikamwonyesha mdomo. Akasema mkewe na watoto wako kule, katikati ya watu wale wale, na hakuna atakayewauzia hata chumvi wala kuwapa moto. Akasema kazi yake ilikuwa mkono na mkono haupo. Akauliza, sasa mimi nimpeleke kaka yake barazani kwangu, wageni wamtazame wakila wali? Afadhali kuni zile zingewashwa.

Hasira niliyokuwa nayo sijawahi kuwa nayo tena. Nimevunjwa mbavu, nimelala kwenye vumbi mimi, kwa ajili ya kitu hicho na kwa ajili yake. Niliuona mkono wangu umekwisha inuka. Fundi hakujikinga.

"Piga," alisema. "Umebaki wewe tu hujanipiga."

Wagonjwa wote walikuwa wanatazama. Niliushusha mkono, nikakaa sakafuni, maana kuinama kitandani kulinishinda. Nilikaa pale mpaka muuguzi aliponitoa, na katika kukaa kule ndipo nilipofanya hesabu ambayo darasa la pili halifundishi: kwamba nilikuwa nimemlipa mjomba, nimewalipa wale watu wa gulio, na mwenye nyati nilikuwa sijamlipa.

Kesho yake nilipanda lori tena. Kila shimo la njia nililitukana. Nilipita katikati ya kijiji kile kile mchana, polepole, honi mkononi, wakiniona. Mke wa fundi alikuwa amejifungia ndani na watoto na jembe nyuma ya mlango, akafungua aliposikia sauti yangu. Nikapanda juu ya paa nikaanza kung'oa bati nilizozigongelea mwenyewe, na kila msumari ulikuwa kisu ubavuni. Wanakijiji walitoka wakasimama mbali. Halafu akaja mjomba, mdomo umevimba, akatazama muda, akaingia ndani. Nikasikia anagombana na kitanda. Alikitoa peke yake, akakipandisha kwenye lori, akafunga kamba kwa fundo lake la zamani. Akaniuliza kama mbavu zinapumua. Nikamwambia zinapumua. Akaenda zake.

Chini ya nyumba yangu, upande wa mto, nilikuwa na ngazi nne za shamba zilizokatwa kwenye mteremko, udongo mweusi, kabichi inafunga bila mbolea. Niliwapa fundi na familia yake ngazi mbili, na mahali pa nyumba, mbele ya mjumbe na majirani wa kushuhudia, na bati zikaezekwa kwa mara ya pili. Watu walisema nimerogwa. Waliosema hivyo hawana lori hadi leo.

Fundi alipotoka hospitali nilimpeleka akaona. Alitembea mipaka yote, akachota udongo kwa mkono wa kushoto, akaunusa. Kisha akasema nimlete nyati. Nilimlaza mapajani mwake. Akaivuta ile pembe moja iliyobaki, kwa taratibu, kama anayemtoa mtoto mwiba, ikatoka kwenye ngumi na kichwani pamoja na nta yake. Akaomba na vile vipande.

"Mchukue sasa," alisema. "Pembe siuzi."

Nilitaka kubishana, kwa tabia. Bila pembe ngumi za yule mtu zimebaki wazi, zimeshika hewa. Padri mmoja aliyewahi kufika kwangu alisema mtu huyu anasali, na mkaguzi wa ushirika alisema anaomba radhi. Sikuwasahihisha. Lakini siku ile, uani, nilifunga mdomo wangu, jambo ambalo mke wangu hulitaja mpaka leo kama ajabu, nikamchukua nyati wangu nikapanda naye nyumbani.

Fundi alizitia pembe kwenye mfuko wa gunia, akasema ana safari. Asubuhi iliyofuata niliamka mapema nimpeleke anakokwenda, nikakuta ameshaondoka kwa miguu, njia ya kuteremka Mnazi, na mkewe aliniambia tu kwamba amekwenda kwenye kaburi la kaka yake. Siku ya tatu alirudi, vumbi jekundu hadi magotini, bila mfuko. Akaja moja kwa moja mlangoni kwangu, akaniomba jembe lenye mpini mfupi, linalofaa mkono mmoja.